Ugonjwa Aliopewa Mwalimu Chaki

Mwalimu Chaki alijua kwamba ni mgonjwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa mzima wa afya, amesimama kwa miguu yake miwili kwenye baraza ya ofisi, kikombe cha chai mkononi.

Aliyemletea habari ni karani wa shule, bila mwenyewe kujua. Alimkabidhi bahasha nene yenye stempu za ng'ambo, kisha akabaki palepale, maana karani yule hakuwahi kumpa mtu barua akaondoka kabla haijafunguliwa. Ndani mlikuwa na kadi ishirini na sita zilizochorwa na watoto. Kila kadi ilikuwa na mtu amelala kitandani, miguu imefungwa bandeji hadi imenenepa kama mito. Chini yake waliandika kwa kalamu za rangi, herufi zikipanda na kushuka: "Pole mwalimu. Miguu yako ipone." Mmoja alimchorea magongo. Mwingine alimwachia mguu mmoja tu, akaona unatosha.

"Makubwa!" alisema karani. "Una miguu mibovu tangu lini? Si jana tu ulimkimbiza mbwa aliyeondoka na kiatu cha mtoto?"

Chaki aliinama juu ya bahasha. Alikuwa amekwisha kuiona barua iliyokuwa katikati ya kadi, akautambua mwandiko.

Barua ilitoka kwa mwalimu mmoja wa ng'ambo ambaye watoto walimwita Miwani. Miaka mingi nyuma Miwani alikuja kujitolea shuleni hapo, akakaa nusu mwaka, akajifunza lugha mpaka akaweza kubishana na wauza nyanya sokoni. Siku moja alipita nje ya darasa la kwanza, akashangaa kimya kilichokuwamo. Akachungulia. Watoto karibu mia wamebanana kwenye madawati, mwalimu yuko mbele, hakuna anayesema neno, na wote wanapiga hesabu. Aliporudi kwao alimwandikia Chaki. Chaki akajibu kwenye karatasi alizochana katikati ya daftari. Waliandikiana miaka tisa, na kutokana na barua hizo shule mbili zikawa marafiki, zikapeana vitabu na picha za watoto, hadi ng'ambo wakasema: sasa njooni mtutembelee.

Shule nzima ilijua atakayekwenda ni Chaki. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea koti la kijivu lenye bitana ya hariri. Picha ya pasipoti ilipigwa. Halafu, wiki mbili kabla ya kadi kufika, Mwalimu Mkuu alimwita ofisini, akamkalisha, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mwalimu, wewe ni nguzo yetu," alisema Mkuu. "Ila wenzetu wamebadilisha. Wanataka viongozi tu. Nitakwenda mimi na Mtaaluma."

Mtaaluma ni mwalimu wa taaluma wa shule, na pia ni kaka wa mke wa Mkuu. Alikuwepo ofisini siku hiyo, anakata kucha.

"Na tena," aliongeza Mtaaluma, "lile koti lako naona saizi yetu moja. Wewe huna pa kulivalia."

Chaki alilitoa. Hakuwa mtu wa maneno. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na mbele ya watu wazima ilikatika kabisa, akawa anatafuna maneno kama mtu mwenye punje ya mchanga mdomoni. Alimezea, akarudi darasani.

Sasa alisimama kwenye baraza, anaisoma barua ya Miwani. "Mwalimu wenu Mkuu ametuandikia kwamba miguu yako yote miwili haifanyi kazi tena," aliandika Miwani. "Watoto walilia. Tulikualika wewe kabla ya mtu yeyote. Lakini tunashukuru kwamba mwenzako, ambaye ametuambia kuwa ndiye mliyebuni pamoja naye lile somo la kimya, atakuja kutufundisha."

Alirudia mstari wa mwisho mara tatu. Ugonjwa angeweza kuusamehe. Kwenye somo, hapana. Miaka ishirini na miwili alikaa darasa la kwanza, darasa ambalo walimu wengine hulikimbia kama moto, na kitu pekee alichokuwa nacho duniani, kitu ambacho hakuazima wala hakusomea, ni lile somo. Na Mtaaluma, aliyekuwa akiingia darasa la kwanza kuhesabu madawati tu, sasa amelibuni.

"Barua inasemaje?" aliuliza karani.

"Wananisalimia," alisema Chaki, akanywa chai yake yote kwa mara moja.

Jioni hiyo mkewe alisikiliza habari yote mguu ukiwa juu ya pedali, cherehani imenyamaza. Chaki alipomaliza, mkewe alisimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Twende kwake sasa hivi. Mimi ndiye nitakayesema, wewe simama tu pembeni uonyeshe hiyo miguu."

"Atakana. Ataruka kimanga, mbele yangu na mbele yako."

"Basi twende kwa Afisa Elimu."

"Afisa atamwita, watakunywa soda, yataisha."

"Ndipo hapo unaponiudhi, baba watoto! Mtu anakuvua koti, anakuvunja miguu, wewe unakaa tu kama gunia."

Chaki alikuwa anazipanga kadi mezani, moja moja, kama anayepanga karata. "Mtaaluma kaomba aje darasani wiki hii nimfundishe somo," alisema. "Nitamfundisha."

"Utamfundisha!"

"Nitamfundisha kila ishara. Zote arobaini na moja. Sitamficha hata moja."

Mkewe alimtazama. Alikuwa ameishi naye miaka kumi na tisa, akamsikia kila Januari akirudi nyumbani na kuanza upya. Taratibu uso wake ukafunguka, akakaa, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Hutamwambia ishara ni za nani."

"Hajaniuliza," alisema Chaki.

Hapa lazima ielezwe siri ya somo lenyewe, nayo si kubwa. Mwaka wake wa tatu kazini, Chaki alishikwa na koo, sauti ikapotea muhula mzima. Watoto walikuwa wengi, msaidizi hakuna. Asubuhi moja aliinua vijiti vitatu, akaandika tano ubaoni, akawageukia kwa uso wa mtu mwenye uhakika kabisa. Darasa likamtazama. Kisha mtoto mmoja wa dawati la mbele akatikisa kichwa na kumwonyesha vidole vitatu, kwa huruma, kama anayemsaidia mzee kuvuka barabara. Chaki akafuta, akaandika tatu, akamwinamia mtoto yule kwa heshima. Basi! Kila mtoto akataka kumsahihisha. Naye akaendelea kukosea, na kwa kuwa hakuweza kusema, watoto wenyewe walimtengenezea ishara: mmoja akaweka mkono juu ya kichwa kumaanisha kuongeza, kwa sababu mama yake hujitwika ndoo kichwani, mwingine akavuta sikio kumaanisha kutoa. Baada ya wiki mbili walikuwa na lugha yao. Sauti iliporudi, Chaki hakuitumia tena katika hesabu.

Kwa hiyo ishara hazikuwa za mwalimu. Zilikuwa za darasa. Kila Januari watoto wapya walitunga zao, na za mwaka jana zilikuwa hazina maana kwao, sawa na ndoto ya mtu mwingine. Mwalimu alichokuwa nacho ni kule kukosea tu mwanzoni, na ustahimilivu wa kusubiri.

Mtaaluma alikuja Jumatano, na daftari jipya na kalamu mbili. Ilikuwa mwezi wa nane, darasa limeiva. Chaki aliweka mkono kichwani, akavuta sikio, akapiga tumbo mara mbili, na watoto tisini na sita wakanyanyua majibu kwa vidole bila kukosea. Mtaaluma aliandika mpaka jasho likamtoka.

"Kupiga tumbo ni nini?"

"Ni sawasawa. Jibu limeshiba."

"Eti jibu limeshiba!" Mtaaluma alicheka. "Wazungu watapenda hiyo. Na hii ya kugusa pua?"

"Kumi."

"Kwa nini pua?"

"Ndivyo ilivyo."

Siku tatu alikuja. Chaki alimwonyesha ishara zote, mkono kwa mkono, na alipokosea alimrekebisha kwa upole, hata kidole gumba kilichopinda vibaya alikinyoosha. Siku ya mwisho Mtaaluma alifunga daftari, akajinyoosha.

"Ni hayo tu?"

Chaki alilitazama daftari lile lililofungwa. Hapo ndipo penyewe. Kama mtu yule angesema neno moja la shukrani, au angemwuliza hata siku moja tu somo lilianzaje, huenda angeropoka yote, maana hakuzoea ubaya.

"Ni hayo tu," alijibu.

"Na watu wanakusifu miaka yote kwa vidole vya watoto!" alisema Mtaaluma, akampiga begani, vumbi la chaki likaruka. "Haya mzee, uguza miguu." Kisha akaondoka akicheka, maana kadi zilikwisha kujulikana shule nzima, na Mkuu mwenyewe alisema ilikuwa njia tu ya kubadilisha msafiri bila kuwaudhi wenzetu.

Mkuu ndiye aliyejichimbia shimo la mwisho. Akiwa ng'ambo alipiga simu kwamba somo litaonyeshwa moja kwa moja, ili Afisa Elimu na wazazi washuhudie. Ukumbi ulifagiliwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani, projekta ikaazimwa, kompyuta ya karani ikawekwa mezani, kamera yake ikiwatazama watu. Afisa Elimu alikaa mbele. Chaki aliingia na darasa lake zima, akawakalisha chini safu kwa safu, naye akakaa nyuma ya safu ya mwisho, kwenye kigoda. Mkewe alikaa na wazazi.

Picha ilipokuja, jambo la kwanza Chaki aliloliona ni koti lake. Lilimkaa Mtaaluma vizuri, kwa kweli. Mbele yake walikuwa watoto wasiozidi thelathini, kila mmoja na kiti chake, na kando ya ukuta walimu kumi na kitu wameshika kalamu. Miwani alikuwa pembeni, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Mkuu alikaa kiti cha mbele, amekunja nne.

Mtaaluma alitabasamu, meno yote nje, akanyamaza. Akaandika mbili na tatu ubaoni. Akaweka mkono kichwani.

Watoto wakamtazama.

Akaweka tena, kwa nguvu zaidi. Mtoto mmoja naye akaweka mkono kichwani. Wengine wakafuata. Mtaaluma akatikisa kichwa. Wao pia wakatikisa. Akagusa pua, wote wakagusa pua. Walimu kando ya ukuta wakaandika kitu.

"Wanajifunza haraka," alinong'ona Afisa Elimu.

Kwenye safu ya mbele ya ukumbi, mtoto mmoja wa darasa la Chaki aligeuka, akamwangalia mwalimu wake kwa wasiwasi. Hata yeye, wa miaka saba, aliona mtu yule anatumia maneno ya kwao kwa watu wasioyajua. Chaki aliweka kidole midomoni.

Sasa Mtaaluma akaandika tano mwenyewe, akapiga tumbo mara mbili kwa furaha, akawaelekezea mikono wafanye hivyo. Watoto walitazamana. Akapiga tena. Akapiga tena. Ndipo msichana mdogo mwenye pengo alipofungua mkoba wake, akatoa mkate uliofungwa vizuri kwenye karatasi, akamwendea, akamwekea mkononi.

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Afisa Elimu alitoa kitambaa, akajipangusa macho, halafu akakumbuka cheo chake, akakohoa. Chaki hakucheka. Alikuwa anakula kwa macho, taratibu, kama mtu aliyefunga siku nyingi. Aliliona jasho likitoboa koti kwapani, akaona na mkate unavyobonyea ndani ya ngumi. Mkuu alisimama ili amsaidie shemeji yake, naye akaanza kupiga tumbo; wakawa wawili, wanaume wazima, wanapiga matumbo mbele ya watoto wa watu. Watoto walikuwa wameshaanza kuruka juu ya viti.

"Nyamazeni!" aliunguruma Mtaaluma, akapiga meza kwa kofi.

Hapo pakawa kimya kweli. Msichana wa mkate alirudi nyuma, midomo ikamtetemeka. Jambo hilo Chaki hakulitarajia, na lilimchoma. Kwa huyo peke yake alijutia. Miwani alikuwa ameshasogea, akamshika mtoto begani, kisha akamgeukia Mtaaluma, akamwuliza kwa lugha anayoielewa, ili hata wa ukumbini wasikie.

"Mwalimu, hizi ishara zilitungwa na nani?"

"Na mimi," alisema Mtaaluma, akihema. "Na... na yule mgonjwa."

Chaki alisimama.

Hakuwahi kusimama mbele ya wazazi. Alipita katikati ya safu za watoto wake, hatua kwa hatua, wala hakuharakisha. Alitaka kila hatua ionekane. Alifika mbele ya kamera, na ng'ambo kule sura yake ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango, masikio yake yana vumbi jeupe.

Miwani aliziba mdomo. "Mwalimu! Umepona?"

"Sijaugua," alisema Chaki. Sauti ilikuwa nyembamba vilevile, lakini haikukatika. "Sijaugua hata siku moja. Nilitaka kuja."

Ukumbini ilisikika sauti ya mkewe peke yake: "Sema baba! Sema wakusikie!"

Afisa Elimu aligeuza kiti chake chote. Ng'ambo, Mkuu alikaa chini polepole, akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo. Chaki alivuta ubao mdogo uliokuwa mezani. Alichukua vipande vitatu vya chaki, akaviinua mbele ya kamera. Akaandika tano kwenye ubao huo. Akaganda, uso umejaa uhakika.

Akasubiri. Watoto wake walijibana vinywa, walijua. Dakika nzima ikapita. Kisha yule msichana mwenye pengo akatoka kwenye mkono wa Miwani, akasogea karibu kabisa, akatikisa kichwa. Akaonyesha vidole vitatu. Chaki akafuta, akaandika tatu, akainama.

Robo saa baadaye watoto wa ng'ambo walikuwa wameshatunga ishara nne. Kuongeza kwao kulikuwa kupandisha zipu ya koti. Mtaaluma alikuwa amesimama nyuma yao wote, karibu na mlango, mkate bado anao, daftari lake la ishara arobaini na moja chini ya kwapa, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa.

Waliporudi, Mkuu hakumwita Chaki kwa siku nne. Siku ya tano alimwita, na safari hii hakumkalisha.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukamwacha mwenzako aaibike mbele ya watu wa nje! Ukaniacha mimi! Wewe ni mtu wa namna gani?"

"Mkuu, alichoomba nilimpa."

Mkuu alifura, lakini mezani palikuwa na barua mbili zilizombana. Moja ilitoka kwa Afisa Elimu, ikitaka maelezo ya maandishi kuhusu ugonjwa wa mwalimu wake. Nyingine ilitoka ng'ambo, ikimwalika Chaki kwa jina lake kamili, wiki mbili, na mkewe. Kibali kilihitaji saini ya Mkuu.

Mkuu aliizungusha kalamu muda mrefu. "Tuseme yameisha," alisema, sauti imelainika. "Sisi ni watu wazima. Nipe mkono."

Chaki alimpa mkono. Kisha akasogeza kibali mbele zaidi, kidole kikiwa kando ya mahali pa saini, akakiacha hapo mpaka Mkuu aliposaini na wino ukakauka.

"Kuna kisehemu hapa chini," alisema. "Mwalimu wa kushika darasa langu."

"Nitamweka yeyote."

"Wote wana vipindi. Nimeangalia ratiba. Mtaaluma naye kaomba likizo ya ugonjwa. Asiye na kipindi hata kimoja ni wewe, Mkuu."

Mkuu alikuwa hajashika chaki kwa miaka kumi na moja. Alimtazama mtu aliye mbele yake, mtu aliyemjua kama anavyojua kabati la ofisi, akafungua mdomo, akaiona barua ya Afisa Elimu, akaufunga. Akaandika jina lake mwenyewe.

Asubuhi ya safari Chaki alipitia shuleni kwanza. Mkuu alikuwa mlangoni mwa darasa la kwanza, amevaa tai, na nyuma yake watoto tisini na sita walikuwa bado wanang'ang'ania madawati.

"Mwalimu," alisema Mkuu kwa sauti ya chini, akimvuta mkono. "Hawa na vidole vyao siwaelewi. Nifanyeje? Unaanzaje nao?"

Chaki alifikiri. Lilikuwa swali zuri, na alikuwa amelingoja karibu miaka ishirini, kutoka kwa mtu yeyote.

"Watakuonyesha wenyewe," alisema, akamwachia boksi la chaki.

Mkewe alikuwa getini, ndani ya gari la kukodi, anapunga mkono kwa hasira: wamechelewa. Chaki hakwenda moja kwa moja. Alizunguka upande wa nyuma, akasimama chini ya dirisha la darasa lake, mahali ambapo ndani hawamwoni. Kwanza palikuwa kimya. Kisha dawati likaburutwa, mtoto akacheka, wengine kumi wakaitikia, na Mkuu akaanza kupiga kelele. Chaki aliegemea ukuta, akafumba macho, akasikiliza mpaka gari likapiga honi mara ya tatu.